Kama Mungu Ameshaamua, Tunaomba Nini Tena?

(Hotuba hii niliitoa kwenye semina ya washirika. Waliokosa kufika wameiomba, nami naiweka hapa nzima, karibu kama nilivyoisema. Picha za ukutani nimeziacha. Hata siku yenyewe hazikuwa na kazi kubwa.)

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Nilikuwa nimejiandaa kuanza na historia. Nimebadilisha mawazo nikiwa nimekaa pale kiti cha mbele, wakati mnaimba. Nilipokuwa naingia, mtu mmoja alinitia karatasi mkononi akapita haraka, hata sura yake sikuiona vizuri. Imekunjwa mara nne, na pembeni imelowa kidogo kwa jasho la kiganja. Haina jina. Nawasomea ilivyo: “Mwanangu huu ni mwaka wa sita hajakanyaga kanisani. Kama Mungu ameshachagua watu wake kabla ya dunia kuwako, mimi naomba nini tena?”

Mmesikia? Mistari miwili tu. Nimekaa kwenye mijadala ya Ukalvini, lile fundisho lenye jina la John Calvin kwamba Mungu ndiye huchagua wa kuokolewa, hadi usiku wa manane, na mingi haikulikaribia swali hili. Basi karatasi hii naiweka hapa juu ya mimbari, karibu na Biblia. Kila nitakalosema leo, lipimeni kwa karatasi hii. Lisipomfaa aliyeiandika, nitakuwa nimewapotezea muda.

Tuanze na neno lenyewe. Tukisema Mungu ana enzi kuu, tunasema nini hasa? Wafalme tunawajua. Mfalme hutoa amri mchana, kisha usiku hulala jicho moja akingoja habari kama imetekelezwa. Enzi yake inakoma pale mkono wa askari wake unapokoma. Biblia inaposema BWANA anatawala, haimsemi mfalme wa namna hiyo. Inasema kura hutupwa katika mikunjo ya nguo, lakini hukumu zake zote ni za BWANA. Inasema hata shomoro haanguki chini pasipo Baba.

Mtu atasema: sawa, shomoro nakubali. Vipi uovu? Vipi mabaya ambayo watu wanatendeana macho makavu?

Nendeni kwa Yusufu. Mnakijua kisa, lakini tazameni jambo moja dogo katika Mwanzo 37. Wamemvua kanzu, wamemtupa shimoni, shimo halina maji. Halafu maandiko yanasema wakaketi kula chakula. Wakaketi kula! Miaka mingi baadaye, katika sura ya 42, wenyewe wanakiri kwamba walimwona akiwasihi nao wasimsikilize. Kwa hiyo walikuwa wanatafuna huku mdogo wao analia chini ya ardhi. Kisha wakamuuza kwa vipande ishirini vya fedha. Uovu gani mtupu kuliko huo?

Na Yusufu anasemaje mwishoni? “Nanyi kweli mlinikusudia mabaya, bali Mungu aliyakusudia kuwa mema.” Lisikieni neno hilo: aliyakusudia. Yusufu hakusema kwamba Mungu alikuja baadaye akaokota vipande na kuviunga. Tendo lilikuwa moja, makusudi yalikuwa mawili. Ndugu walikusudia, na hatia ni yao. Mungu alikusudia, na sifa ni yake.

Waliotunga Ungamo la Westminster, Uingereza, miaka ya 1640, waliliweka hivi: Mungu ameamuru yote yatukiayo, lakini kwa namna ambayo yeye si mwanzilishi wa dhambi, wala hiari ya viumbe haifanyiwi jeuri. Mtaniuliza, yanapatanaje hayo? Ungamo halielezi. Linayashika yote mawili, kila mkono moja, na halikubali kuliachia lolote. Nami zamani nilijaribu kuyapatanisha kwa nguvu za akili. Nimeacha. Kila nilipoyabana yakae pamoja, moja lilikuwa linavunjika.

Sasa tuje kwenye wokovu, maana hapo ndipo karatasi inapouma.

Paulo anawaambia Waefeso: mlikuwa wafu kwa sababu ya makosa na dhambi zenu. Wafu. Angeweza kuandika wagonjwa, au wachovu, au watu waliopotea njia wanaohitaji ramani. Wakalvini wamelishika neno hilo, na kwao habari yote imo ndani yake. Mgonjwa unampa dawa naye anakusaidia kuimeza. Je, maiti?

Simameni kidogo mbele ya kaburi la Lazaro. Siku nne. Martha, mwanamke asiyezungukazunguka, anasema wazi: “Bwana, ananuka sasa.” Yesu anapaza sauti: “Lazaro, njoo huku nje.” Swali langu ni hili: Lazaro alichangia nini? Alisikia kwa masikio gani? Alikubali mwito kwa hiari ipi? Sauti ile haikukuta masikio yanayosubiri. Sauti yenyewe ndiyo iliyoyaleta.

Lakini angalieni tena, maana hapa wengi wanatudhania vibaya. Lazaro hakuburutwa. Alitoka kwa miguu yake mwenyewe, na sanda bado imemfunga. Akishahuishwa, anakwenda, na anakwenda kwa kutaka. Kanuni za Dordrecht, ambazo nitazifikia, zinasema waziwazi kwamba neema haimtendei mtu kama gogo au jiwe, wala haimlazimishi asiyetaka kwa kumkokota. Humhuisha, humponya, humgeuza hata atake. Watu wakisikia “neema isiyozuilika” wanawaza polisi na pingu. Afadhali wawaze alfajiri. Usingizi haushindani na alfajiri kwa ngumi.

Ndugu zetu wa upande wa pili, wanaosema mtu huukubali wokovu kwa hiari yake, wana jibu, na ni haki nilitaje. Wanasema: yule mwana mpotevu naye baba yake alimwita mfu, “alikuwa amekufa, naye amefufuka”, lakini si alizingatia moyoni mwake, akainuka mwenyewe akaenda? Ni hoja nzuri. Mkalvini asiyeusikia uzito wake hajaisoma Luka 15 sawasawa. Mimi hujibu hivi: katika sura hiyo hiyo waliopotea ni watatu. Yumo mwana aliyerudi kwa miguu yake. Yumo kondoo aliyebebwa mabegani. Na imo sarafu iliyoanguka sakafuni, isiyoweza hata kulia. Yesu aliziweka hadithi tatu pamoja, na shangwe mbinguni ni ile ile. Ukinipa mwana bila sarafu, umenipa theluthi ya sura.

Wengi wanadhani hoja hii ilizaliwa na Calvin. Haikuzaliwa naye. Zaidi ya miaka elfu moja kabla yake kulikuwa na Augustino, askofu wa Hippo, Afrika ya Kaskazini, aliyezaliwa mwaka 354. Katika kitabu chake cha Maungamo alimwomba Mungu hivi: toa unachoamuru, kisha amuru utakalo. Yaani, nipe wewe uwezo wa kutii, halafu niagize lolote. Maneno hayo yaliposomwa Roma mbele ya Pelagius, mtu wa Britania, mtu wa maadili makali, yalimchoma. Na tusimcheke Pelagius. Aliona Wakristo walegevu wamejaa kila upande, akajiuliza: mkiwaambia watu kwamba hata utii ni zawadi, nani atajitahidi? Ni swali la kila mchungaji mwenye bidii.

Ila Augustino mwenyewe alikuwa ameshapita njia hiyo. Anakiri kwamba zamani alidhani imani ni mchango wetu: Mungu anaita, sisi tunatoa imani, basi tumekutana katikati. Kwenye mwaka 396 hivi, akimjibu mzee Simplicianus wa Milano maswali juu ya Warumi 9, aligota kwenye mstari mmoja wa Wakorintho wa kwanza: “Una nini usichokipokea?” Akajaribu kuipigania hiari ya mwanadamu, asema, lakini neema ya Mungu ikashinda.

Una nini usichokipokea? Akili? Ulipokea. Malezi? Ulipokea. Basi imani je? Wewe umeamini, jirani yako aliyekaa benchi moja nawe, mahubiri yale yale, siku ile ile, hakuamini. Tofauti imetoka wapi? Ukisema “mimi nilikuwa na moyo laini zaidi”, nani aliulainisha? Na kama uliulainisha mwenyewe, basi mbinguni tutakuimbia nawe ubeti mmoja.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili nilipoyagundua mambo haya, na sitaficha: niligeuka adha. Nilikuwa na daftari dogo. Kwa wino mwekundu niliandika mistari ya uteule. Kwa wino wa buluu niliandika mistari ya wapinzani, na chini ya kila mmoja jibu la kuwanyamazisha. Jioni moja, kwenye kikundi cha kujifunza Biblia, nilimkalia kooni ndugu mmoja kwa saa nzima. Kila alipoinua mstari nilikuwa nao tayari. Mwisho akanyamaza, nami nikauhesabu ukimya wake kuwa ushindi.

Pembeni alikuwapo mama mmoja mtu mzima, anashona kifungo cha shati. Hakuwa amesema neno jioni nzima. Watu walipoanza kuinuka, akaukata uzi kwa meno, akaniangalia, akasema: “Mwanangu, umeongea habari za neema saa nzima. Hujasema asante hata mara moja.”

Sikuwa na mstari wa buluu wa kumjibu. Daftari lile ninalo mpaka leo, na ukurasa huo ndio ninaoufungua kila ninapoalikwa kuhubiri somo hili. Kama fundisho la neema limekufanya uwe mkali kwa watu, bado hujalielewa, hata ukilikariri kwa Kilatini.

Haya, Calvin. John Calvin alizaliwa Noyon, Ufaransa, mwaka 1509, akafa Geneva mwaka 1564. Kitabu chake kikubwa cha mafundisho kilitoka mara ya kwanza mwaka 1536, kidogo tu, sura sita. Aliendelea kukipanua maisha yake yote, hata toleo la mwisho la Kilatini la mwaka 1559 likawa na sura 80 katika sehemu nne. Sasa nawauliza: mtu anayesifika duniani kote kwa fundisho la uteule, uteule aliuweka wapi katika kitabu hicho? Mwanzoni? Kwenye habari za asili ya Mungu?

La. Aliuweka sehemu ya tatu, sura ya 21 hadi ya 24, baada ya kueleza imani, toba na kuhesabiwa haki. Na sura ya 20, iliyotangulia tu, inahusu nini? Maombi. Sura ndefu, ndefu kwelikweli. Msomaji wa Calvin hafiki kwenye uteule bila kupita kwanza magotini. Tena matoleo ya kati alikuwa ameuweka uteule pamoja na maongozi ya Mungu juu ya ulimwengu. Toleo la mwisho akautoa huko kwa makusudi, akauleta karibu na mtu anayeomba.

Na mara tu anapoufungua mlango huo anaonya: anayetaka kuchungulia shauri la siri la Mungu kwa udadisi wake ataingia katika njia za kuzungukazunguka asizoweza kutoka. Kisha, sura chache mbele, anatoa kioo. Anasema Kristo ndiye kioo ambamo tunauona uteule wetu. Hukupewa orodha ya majina uikague. Umepewa kioo.

Msidhani aliyaandika haya akiwa ametulia kitini asiyejua machozi. Mwaka 1542 mkewe Idelette alijifungua mtoto wa kiume kabla ya wakati, na mtoto hakukaa. Calvin alimwandikia rafiki yake Pierre Viret kwamba Bwana amewapiga kwa jeraha kali; lakini, akasema, yeye naye ni Baba, anajua linalowafaa watoto wake. Yeye naye ni Baba. Hapo sihitaji kuongeza kitu.

Sasa nisipotaja upande mwingine nitakuwa nawadanganya. Mwaka 1551 Jérôme Bolsec alisimama Geneva akalipinga fundisho la uteule. Akakamatwa, akafukuzwa mjini. Mwaka 1553 Michael Servetus alichomwa moto hapo hapo kwa kuukana Utatu, na Calvin alihusika katika kushtakiwa kwake. Watu walioamini kwamba imani ni zawadi ya Mungu walijaribu kuilinda kwa kuni. Mimi sina maneno ya kulipamba hilo.

Zaidi ya nusu karne baadaye ikaja Sinodi ya Dordrecht, mkutano mkuu wa kanisa huko Uholanzi. Wafuasi wa marehemu Jacobus Arminius, mwalimu Mholanzi aliyelipinga fundisho hili la uteule, walikuwa wametoa hoja zao tano mwaka 1610. Sinodi ikaketi kuanzia Novemba 1618 hadi Mei 1619, vikao 154, ikajibu hoja hizo. Majibu hayo ndiyo hizi “pointi tano” za Ukalvini mnazozisikia. Kwa hiyo Calvin hakuziandika. Alikuwa kaburini zaidi ya miaka hamsini. Na ule mpangilio wa herufi za Kiingereza unaotoa jina la ua, TULIP, wenye Dordrecht hawakuujua. Wao walianza na uteule, si na upotovu wa mwanadamu.

Pointi ya upatanisho nitaipitia haraka, ingawa najua ndiyo inayowasha moto. Kanuni zinasema kifo cha Kristo kina thamani isiyo na kikomo, chatosha kabisa kwa dhambi za ulimwengu wote. Kisha zinasema kilikusudiwa kuwaokoa kweli wale aliopewa na Baba. Mnaosoma Yohana 3:16 mkaona ugumu hapo, hamko peke yenu, na Wakalvini wenyewe hawajawahi kukubaliana namna moja ya kulisema hili.

Siku nne baada ya kikao cha 154 cha Sinodi hiyo, Mei 9, 1619, Johan van Oldenbarnevelt, mwanasiasa mzee aliyewakingia kifua wafuasi wa Arminius, alikatwa kichwa. Siasa ilikuwa imejaa humo, ndiyo. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Na katika karne ya 20, Afrika Kusini, walikuwapo waliolichukua neno “uteule” wakalifanya uzio wa rangi ya ngozi. Makanisa ya Matengenezo ya ulimwengu yaliyokutana Ottawa mwaka 1982 yakasema utetezi huo wa ubaguzi ni uzushi. Ni uzushi kweli, kwa maana unaigeuza neema kuwa ukoo. Una nini usichokipokea?

Turudi kwenye swali la Pelagius, maana nalo limejificha ndani ya karatasi. Kama Mungu ameamua, kwa nini nihangaike?

Paulo yuko Korintho, Matendo 18. Anaogopa. Bwana anamtokea usiku: “Usiogope, bali nena, wala usinyamaze.” Kwa sababu gani? “Kwa maana mimi nina watu wengi katika mji huu.” Watu hao walikuwa wapi? Wengi walikuwa bado kwenye sanamu zao, hawajasikia lolote. Bwana anawaita wake kabla hawajajua. Je, Paulo alijibu, “Vema, kama ni wako nitafunga mizigo”? Alikaa mwaka mmoja na miezi sita akifundisha. Uteule ndio uliomkalisha.

Hicho ndicho kilichomkalisha William Carey, fundi viatu Mwingereza, Mbaptisti wa imani hii hii ya Kikalvini, aliyefika India mwaka 1793. Miaka saba ikapita kabla Krishna Pal, seremala, hajabatizwa mwishoni mwa mwaka 1800. Kisha Machi 1812 moto ukateketeza kiwanda chao cha uchapaji Serampore: karatasi, miswada ya tafsiri, kazi ya miaka. Jumapili iliyofuata Carey alihubiri kutoka Zaburi 46: “Acheni, mjue ya kuwa Mimi ni Mungu.” Jumatatu hawakukaa wakiimba tu zaburi. Herufi zilizoyeyuka zikasubuliwa upya, na tafsiri zilizoteketea zikaanza tena.

Kuna mazungumzo mengine ninayoyapenda kuliko mijadala yote. Desemba 1784, Charles Simeon, kijana wa miaka 25 aliyeitwa Mkalvini, alikutana na John Wesley, mzee wa miaka 81 na mtetezi mkubwa wa Arminius. Simeon akasema: bwana, naambiwa wewe ni wa Arminius nami naitwa Mkalvini, kwa hiyo nadhani imetupasa tuchomoe majambia. Lakini kabla hatujaanza, niruhusu nikuulize. Je, wajiona mpotovu kiasi kwamba usingewaza kamwe kumgeukia Mungu kama yeye asingelitia wazo hilo moyoni mwako kwanza? Wesley akasema, naam, kabisa. Na je, umekata tamaa ya kujipendekeza kwa Mungu kwa lolote, watazamia wokovu kwa damu ya Kristo peke yake? Naam, kwa Kristo peke yake. Akishakuokoa, si utajimalizia mwenyewe kwa matendo yako? La, Kristo ataniokoa mwanzo hadi mwisho. Basi wahitaji kushikwa kila saa, kila dakika, kama mtoto mchanga mikononi mwa mama yake? Kabisa.

Basi, akasema Simeon, kwa ruhusa yako narudisha jambia langu alani, maana huo ndio Ukalvini wangu wote.

Sisemi hakuna tofauti. Ipo, na Wesley alikufa nayo. Ila wote wawili walikuwa wakitegemea mikono ile ile.

Sasa karatasi.

Wewe uliyeiandika, uko hapa, sijui umekaa upande gani. Sijui kama mwanao ni mteule. Sijui, na sitajaribu kujua, na wewe usijaribu. Nimekwambia kuna kioo, hakuna orodha. Ninachojua ni kwamba miaka sita si ushahidi wa kitu. Siku nne za Lazaro hazikuwa ushahidi.

Augustino alipokuwa mzee aliandikiana na mtu wa Karthago aitwaye Vitalis, aliyeshikilia kwamba mwanzo wa imani ni wetu wenyewe. Augustino akamjibu kwa swali: basi kwa nini Kanisa linawaombea wasioamini? Kama Mungu hawezi kuugeuza moyo, tunamwomba afanye nini? Liangalieni swali hilo, maana limeigeuza karatasi juu chini. Uliniuliza: kama Mungu ameamua, naomba nini? Augustino anauliza: kama Mungu hawezi kuamua, unaomba nini? Nani hapa amewahi kupiga magoti akasema, “Bwana, mwanangu ana hiari yake, tafadhali usimguse”? Hatuombi hivyo. Tunasema: mshike, mvunje, mrudishe, hata asipotaka mfanye atake. Magoti yetu yamekuwa ya Kikalvini miaka yote. Vichwa ndivyo vinavyobishana.

Mnatarajia nimtaje Monika, mama yake Augustino. Nitataja usiku mmoja tu. Mwanawe alitaka kuvuka bahari kwenda Roma, naye mama aliogopa kwamba huko atapotea moja kwa moja. Akakesha ndani ya kanisa dogo karibu na bandari, akilia, akiomba asisafiri. Asubuhi merikebu ilikuwa imeondoka. Mwana alimdanganya akapanda usiku. Maombi yamekataliwa, au sivyo? Ni huko Italia, mwaka 386, alikogeuzwa. Augustino aliandika baadaye kwamba Mungu hakumpa mama alichokiomba usiku ule, ili ampe alichokuwa akikiomba siku zote.

Na wale wa Dordrecht, watu wa vikao 154, wakali wa fundisho hili, walikuandikia wewe. Katika sehemu yao ya tatu na nne, kifungu cha 15, wanasema: kwa ajili ya wale ambao bado hawajaitwa, imetupasa kumwomba Mungu, ayaitaye yasiyokuwako kana kwamba yamekuwako, wala tusijivune mbele yao hata kidogo, kana kwamba ni sisi tuliojitofautisha.

Mtu ameniashiria saa, nami nimemwona. Tusimame, wapendwa. Jina la kijana silijui. Mama yake au baba yake alitaje kimya moyoni. Na kila mwenye mtu wake amtaje sasa hivi.